Mkihamia mtaa ambao nyie ndo weusi peke yenu

Wazazi wenzangu mlioko Marekani, hasa mnaotafuta nyumba huku nje ya mji kwa sababu ya shule nzuri, naomba niwaambie kitu ambacho sisi hatukuambiwa. Tulihamia kitongoji kimoja cha Minneapolis binti yetu akiwa na miaka sita, mtaa umetulia, majirani wakaleta keki siku ya pili, nikasema Mungu kajibu. Darasani alikua mweusi peke yake na mimi nikaona sio shida. Mpaka siku moja namwogesha ananiuliza, mama, hivi hizi nywele zitanyooka nikikua? Kumbe kila siku kwenye basi la shule wenzake walikua wanazishika-shika na hajawahi kunambia, alijua ndo kawaida. Nilienda kulia jikoni asinione.

Kosa letu lilikua kunyamaza. Kwetu Tanga nani anamkalisha mtoto chini kumwambia wewe ni mweusi? Huku usipomwambia wewe ataambiwa na mwingine, tena vibaya. Ongea nae mapema, mpe na maneno ya kujibu kabisa, "nywele zangu haziguswi". Alafu nenda kwa mwalimu wewe mwenyewe, usiishie kwenye meseji. Hapa Minnesota tangu 2023 sheria inakataza kumbagua mtu kwa ajili ya nywele zake, California walitangulia 2019, kwaio hauendi kuomba fadhila.

Jingine, na hili tusikilizane vizuri. Sisi tuliotoka Afrika tunapenda kujitenga na Wamarekani weusi, eti sisi sio kama wao, na mimi nimeyasema hayo. Sasa siku tunapekua karatasi za zamani za nyumba yetu tukakuta sharti la miaka ya 1940 kwamba asiuziwe wala kupangishiwa mtu asiye mzungu. Nyumba hii hii ninayosongea ugali! Mahakama Kuu yao ilisema 1948 kwamba mahakama haziwezi kuyasimamia masharti kama hayo, lakini sheria ya nchi nzima ya kukataza ubaguzi kwenye nyumba ilisainiwa 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Na 1957 kule Levittown, Pennsylvania, William na Daisy Myers, mke na mume weusi, walipohamia na watoto wao kwenye mtaa wa wazungu watupu watu walijazana nje wakawavunjia madirisha kwa mawe. Nikasoma hayo nikaona aibu kwa maneno niliyokua nayasema.

Kwaio watafuteni hao Wamarekani weusi. Mama mmoja wa mtaa wa pili, mzaliwa wa hapa hapa, ndo alinifundisha mengi, yeye kalelewa kwenye mitaa kama hii na mama yake alikua anampeleka kila wikiendi kucheza na watoto weusi wenzake. Kumbe kina mama wao wamefanya hivo miaka mingi, Jack and Jill, chama cha kina mama weusi na watoto wao, ilianzishwa Philadelphia 1938 kwa kazi hiyo hiyo. Sisi sikuhizi Jumamosi tunaendesha dakika 40 mpaka Brooklyn Park, kitongoji kingine cha Minneapolis, kusuka, Waafrika wamejaa kule, binti anakaa katikati ya wamama anasikiliza stori, anarudi anajiangalia kwenye kioo cha gari njia nzima.

Ukienda kuangalia nyumba, paki karibu na shule muda wa kutoka uone watoto wanaotoka. Usipoona mweusi hata mmoja bado unaweza kununua, ila mafuta ya gari ya Jumamosi yaweke kwenye bajeti kabla hujasaini.