Uliza Ujibiwe: Mwanangu Kapata 84 na Analia, Amefeli?

Swali: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 11 anapiga fidla, mwaka huu ndo kaingia kwa mara ya kwanza lile tamasha la muziki la vijana, tamasha la siku nyingi hata mimi nikiwa mdogo lilikuwepo. Kapata 84 akawa wa tatu kati ya watatu, yani wa mwisho. Kulia haishi na anasema fidla basi. Nataka kuwaandikia waandaaji maana naona jaji alikuwa na wake. Nifanyeje? *Mama Fidla*

Jibu: Marahaba mama. Barua iache kwanza. Na hiyo 84 usiisome kama mtihani wa hesabu ukadhani mtoto kakosa 16. Kwenye matamasha mengi ya namna hii alama hazianzii sifuri, nyingi zinaangukia kati ya 75 na 90 hivi, na majaji wengi 90 wanaitoa kwa mkono mzito kweli. Mwenye 84 kapiga vizuri, ila kakutana na wawili waliopiga vizuri zaidi siku hiyo.

Sasa nikuulize, ile karatasi ya jaji umeisoma? Sio namba, yale maandishi. Mimi nimeshika mlango kwenye matamasha haya miaka mingi (kazi yenyewe ni kuzuia watu wasiingie mtoto akiwa anapiga, na kununiwa na wazazi waliochelewa) na kila mwaka naona kitu kilekile, mzazi anapokea karatasi anaangalia namba, anakunja, anatia kwenye pochi imeisha hiyo. Jaji anaandika huku mtoto anaendelea kupiga kwa iyo mwandiko unakuwa wa daktari, lakini kaa nayo utulie utakuta kitu kama "upinde unaishia katikati, utumie mpaka ncha" au "mstari wa tatu umekimbia". Hilo ni somo zima umepewa na mtu ambae hamjui mtoto wako wala hana sababu ya kumpendelea au kumchukia.

Kuna siku jaji mmoja mama wa makamo aliinuka mezani kwake, akamwita kijana mmoja arudi jukwaani, akamwambia weka fidla chini, niimbie huo mstari wa mwisho. Kijana kaimba kwa aibu, sauti ndogoo. Haya sasa upige kama ulivyoimba. Ukumbi mzima tulisikia tofauti, na wale wenzake waliomzidi alama nao walikuwa wanainama kusikiliza. Yule kijana alikuwa wa mwisho kwenye kundi lake.

Kwa iyo leo usiseme kitu kuhusu kuacha. Subiri machozi yakauke, mpe karatasi aisome mwenyewe achague jambo moja tu la kufanyia kazi wiki hii. Kama baada ya mwezi bado hataki, hapo tutaongea vingine.

Swali: Mwalimu mambo. Nina miaka 15 napiga piano, nyumbani napiga bila kitabu bila shida ila jukwaani nilifika katikati kichwa kikawa cheupe, nikarudi mwanzo mara mbili na mara zote nikakwama palepale. Sirudi tena pale.

Jibu: Utarudi. Tatizo lako sio woga peke yake, ni kwamba vidole ndo vinakumbuka na kichwa hakikumbuki, kwa iyo vidole vikiteleza huna pa kushika isipokuwa mwanzo. Weka vituo. Gawa kipande sehemu tano au sita halafu kila siku anza kituo cha nne, rudi cha pili, ruka cha tano, mpaka uweze kuanzia popote hata ukiamshwa usingizini. Ukikwama jukwaani ruka MBELE kwenye kituo kinachofuata, usirudi nyuma. Na kabla ya kuanza imba kichwani mistari miwili kwa mwendo wako wa kawaida maana moyo ukienda mbio na muziki unakimbia nao.

Swali: Sisi ni waandaaji, tamasha letu la zamani, watoto wanapungua na tuliobaki kamati wote ni wazee. Wengine wanataka tufute mashindano kabisa. Unashaurije?

Jibu: Poleni na kazi. Mimi nisingefuta, ila nisingeacha mashindano peke yake. Mashindano ya jamii ya mtindo huu yalishika Uingereza miaka ya 1880, John Spencer Curwen alianzisha la Stratford mashariki mwa London mwaka 1882 akivutiwa na mashindano ya Wales (baba yake ndo aliyesambaza ile solfa ya do re mi). Miaka mitatu baadae, 1885, mwimbaji Mary Wakefield akaanzisha la kwake maeneo ya Kendal, kaskazini mwa Uingereza, na lilipokua kwaya za vijiji zilikuwa zinashindana halafu zinaungana zote kuimba kazi moja kubwa pamoja. Hiyo sehemu ya pili ndo wengi wetu tumeitupa. Mtoto anapiga dakika tatu anachukua cheti anaondoka, sasa mwakani arudi kwa nani? Wekeni kipande kimoja cha wote siku ya mwisho. Pia fungueni kundi la wasiotaka alama, wanapewa maoni tu. Na kwenye kamati ingizeni vijana wa miaka 17 au 18 waliokulia hapo, muwape kazi ya kweli sio kubeba viti.

Swali: Kwanini kwenye matamasha wanakataa noti za muziki za fotokopi?

Jibu: Haki miliki. Tamasha nalo linaweza kuingia matatani. Nenda na kitabu halisi, na kama umenunua mtandaoni chapisha ubebe na risiti.