Kisamvu cha Marseille

Wiki hii mmetuuliza tulio ughaibuni: ni chakula gani kinachokufanya ujihisi uko kwenu? Kwangu ni kisamvu cha nazi, na aliyenirudishia ni jirani Mngazija, mtu wa visiwa vya Komoro.

Tunaishi Marseille, Ufaransa, mimi na mume wangu na watoto wawili. Kwetu Unguja. Mchana watoto hula shuleni, na huku chakula huja kwa zamu: saladi kwanza, kisha chakula chenyewe, halafu jibini, mwisho tunda. Wakitoka saa kumi na nusu, wazazi wanawangoja mlangoni na mkate na chokoleti. Ni desturi nzuri, watoto wanaipenda. Kilichoniuma ni usiku mmoja, mwanangu mdogo alipomaliza wali wa nazi akauliza jibini iko wapi, tena kwa Kifaransa. Nililiona sinia langu limekuwa mgeni nyumbani mwangu.

Kisamvu nilikuwa nimeshakikatia tamaa. Jirani yule, bibi wa ghorofa ya pili, ndiye aliyenishika mkono mpaka Noailles, sokoni, si mbali na bandari ya zamani. Akafunua friza la duka, akatoa pakiti ya majani ya muhogo yaliyokwisha kutwangwa, yameganda kama tofali. "Mataba," akasema. "Kisamvu," nikasema mimi. Tukatazamana, tukacheka mpaka mwenye duka akageuka. Wangazija ni wengi sana mji huu, na lugha yao na yetu ni ndugu. Hata mkate wa ufuta wao huuita mkatra foutra.

Siku hiyo tulipika kwangu. Majani yalichemka muda mrefu, nyumba nzima ikanukia majani mabichi, madirisha yakajaa mvuke. Tui tulilitia mwishoni, moto mdogo, na bibi hakuuachia mwiko hata mara moja. Alipoonja alifumba macho. Mimi nilishindwa kuzungumza.

Sasa kila Jumapili bibi hushuka kula nasi, mkekani, sinia moja. Friza langu halikosi pakiti tatu. Jumapili iliyopita nilikwenda kupokea simu ya mama yangu, nikachelewa kidogo. Nikasikia mdogo ananiita kutoka jikoni, amepanda kiti, mwiko mkononi:

"Mama, njoo ukoroge, tui litakatika!"