Tiketi ya kurudi ikatwe kwanza, na iwe na tarehe na namba ya kiti

Dada, kabla hujatuma hata shilingi, rudia kusoma ulichoandika: "Karani wa kampuni ya basi ametushauri tuchukue tiketi ya kurudi iliyo wazi, siku tutachagua tukiwa huko." Usiichukue! Ndiyo iliyonifanya nilipie watu wanne mara mbili, na moyo umechemka upya kuona bado inauzwa.

Umesema mko Nairobi, wewe na mzee na watoto wawili. Likizo ya Agosti mnaanzia kwenu Ahero, mnapitiliza Mumias kwa wakwe, halafu mnarudi Jumapili kwa kuwa shule inafunguliwa Jumatatu. Umeuliza basi au treni, na wapi kwanza. Naanza na hiyo Jumapili kwa sababu ndiyo itakayowaumiza.

Tiketi ya wazi haina kiti. Itazame vizuri: penye tarehe pamepigwa mstari, penye namba ya kiti hapajaandikwa kitu, na chini kuna muhuri. Muhuri unasema pesa zimepokelewa, basi. Gari likipakia, karani anafuata karatasi ya abiria, na kila mstari wake una kiti, jina na simu. Wewe jina lako halimo. Siku ya kawaida hilo halisumbui, gari linaondoka na viti vitatu vinne vitupu na unaingizwa hapo. Wikendi ya kufungua shule viti hivyo havipo. Hata kimoja kikipatikana, mlangoni kuna mtu ameshika pesa za nauli ya leo, na wewe ulilipa ya wiki tatu zilizopita. Atapewa nani? Mtaambiwa msubiri gari la saa tano, kisha la saa nane, kisha muongeze pesa.

Nauli inapanda kwa sababu siku hizo watu wote wanaelekea upande mmoja. Basi linatoka Kisumu, mnakopandia kurudi, limejaa, kisha linarudi kutoka Nairobi karibu tupu, na mafuta ya ile safari tupu yanalipwa na ninyi mlio steji. Juu ya hayo kuna wanafunzi wa bweni, kila mmoja na sanduku la chuma na godoro. Chukulia nauli imetoka 1,300 ikafika 2,300. Mtoto anayekalia kiti chake analipa kama mtu mzima, kwa hiyo kwa watu wanne mmeongeza 4,000. Mwenye tiketi ya wazi iliyokataliwa hali yake ni mbaya zaidi: anatoa 9,200 nzima, na zile 5,200 alizotanguliza zimebaki kwao.

Huyo karani anajua shule zinafunguliwa lini. Anachukua pesa zenu mapema bila kujifunga kwa kiti chochote. Siku ikifika, mwenzake wa Kisumu anawaambia "hiyo ni ya Nairobi, ongeeni na ofisi", na simu ya ofisi haishikwi. Kumwambia mama mwenye watoto wawili kwamba magari ni mengi, huku akijua siku hiyo hayatoshi, ni kumdanganya. Sioni neno jingine.

Kwa hiyo kata ya kurudi kwanza, hata kabla ya ile ya kwenda, wiki mbili au tatu mapema. Iwe Alhamisi au Ijumaa asubuhi. Jumamosi ni kubahatisha, Jumapili achana nayo kabisa. Lipa kwa M-Pesa kwenye namba ya malipo ya kampuni, kamwe si kwa simu ya mtu, hata akiwa amevaa sare yao. Ujumbe wa kuthibitisha uonyeshe tarehe, saa, viti vinne kwa namba zake, na mahali pa kupandia. Ukiambiwa "mtapangwa siku hiyo", hujakata kitu. Siku mbili kabla ya safari piga simu steji ya Kisumu, si Nairobi, wakusomee majina yenu kutoka kwenye karatasi.

Mahali pa kupandia pana mtego wake. Kusimama kando ya barabara pale Ahero ukitumaini basi litasimama ni bure, maana limejaa tangu Kisumu, kama kilomita 25 nyuma. Ukiwa umekata na unataka kuchukuliwa hapo, neno "Ahero" liandikwe mbele ya kila jina. Bila hivyo, saa ya kuondoka ikifika na hamjaonekana Kisumu, viti vyenu vinahesabiwa vimeachwa na vinauzwa papo hapo. Mimi ningepanda matatu alfajiri nikapandie basi Kisumu kwenyewe.

Ndiyo maana nasema mgeuze safari: anzeni Mumias, mmalizie Ahero. Kutoka Mumias mara nyingi mtabadilisha gari Kakamega, kisha Chavakali, Mbale, Majengo ndipo mshuke Kisumu, na matatu ya kwanza ikikawia kujaa, basi limewaacha. Ahero ni nusu saa barabara ikiwa wazi. Tena mkianzia kwa baba mkwe hakuna atakayenung'unika. (Wanaokwenda Bungoma wajue kwamba Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, kama 2024 na 2026, ni msimu wa tohara ya Wabukusu, magari yanatafutwa zaidi.)

Treni ya usiku iliyorudishwa Desemba 2021, kama wakati huo inatembea, ni nzuri kwa kwenda, watoto wanalala na mizigo haibanani. Lakini inachukua kama saa 12 na haitembei kila siku, kwa hiyo usiitegemee kuwahi shule. Kurudi, chukueni basi la saa moja asubuhi. Usiku na watoto siwashauri, ule mteremko wa Sachangwan na Salgaa, kabla ya kufika Nakuru, una malori mengi mno. Na kwa kuwa upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, mtakayopita, ulianza mwishoni mwa 2025, wekeni saa mbili za ziada. Gunia la mahindi mkipewa, litumeni kama kifurushi Jumanne. Kilo 90 siku ya msongamano zinaweza kukataliwa mlangoni, nanyi mmeshakaa ndani.

Kama hiyo ya wazi umeshailipia, rudi ofisini kesho asubuhi. Mwambie karani aandike tarehe na viti kwa kalamu yake ukiona, na majina yaingie kwenye karatasi ya siku hiyo wakati bado ni nyeupe. Akikataa, dai pesa zako hapo hapo ukiwa bado Nairobi, mbele ya yule aliyezipokea.