Re: Rafu za waya au mbao kwa kabati la nguo?

Waalaykum salaam dada. Kwa nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe kama ulivyoieleza, mimi ningechukua waya badala ya mbao. Hewa inapita chini na juu ya nguo, na wakati wa masika hilo si jambo dogo. Mbao iliyogusana na ukuta wenye unyevu haichelewi kuota ukungu.

Ila jihadhari na kutu, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma. Waya uliopakwa rangi tu uache dukani. Chukua uliovikwa plastiki, kisha upitishe kidole kwenye ncha zote. Pale ulipokatwa chuma kikabaki wazi ndipo kutu inapoanzia, na kanzu nyeupe ikishika doa la kutu ukalitia jiki, ndiyo umelipigilia kabisa. Fundi akikata kwa kipimo chako, azibe kila ncha kwa kifuniko cha plastiki.

Nyaya ziwe karibu karibu, la sivyo kanga zilizokunjwa zitatoka na mistari. Kina cha sentimita 30 kinatosha nguo za kukunja. Mablanketi yanataka 40.

La ukuta sasa. Hizo kuta ni mawe na chokaa, ukitoboa inamwagika unga na skrubu inacheza. Wauzaji watakwambia inashika tu, wala usiwasikilize. Nunua rafu yenye miguu yake, isimame sakafuni, uiache na upenyo wa vidole vitatu kutoka ukutani.