Maswali ya Wasomaji: Rangi ya Fremu ya Honda Kuukuu

Assalaam alaykum. Ami yangu kaniachia Honda CG 125 ya zamani. Injini ishatengenezwa, fremu iko tupu, kutu imeshika pale inapokaa betri na kwenye uma wa gurudumu la nyuma. Mie nataka nyekundu, fundi ananambia nyeusi. Nimfuate nani? (Msomaji, Wete)

Waalaykumu salaam. Mfuate fundi, ingawa pengine hakukwambia sababu. Nyekundu haifuniki vizuri. Ukiipiga juu ya prima (rangi ya chini inayoshika chuma) ya kijivu iliyokoza, utapiga mikono mitano au sita na bado itaonekana chafu, na rangi nene namna hiyo hubanduka mahali boliti zinapobana. Inataka prima nyeupe au kijivu hafifu chini yake. Halafu hupauka kwa jua: baada ya mwaka ukichubua fremu kwa kiatu, ukagusia kwa rangi ya kopo lile lile, kiraka kitaonekana toka ng'ambo ya barabara. Nyeusi ya mng'ao wa kati haina shida hiyo. Huficha pia mabonde ya kulehemu, ambayo nyeusi ya kung'aa sana huyatangaza. Nyekundu yako iweke kwenye tangi na vifuniko vya ubavuni.

Nyeusi nayo ina kasoro: huficha kutu mpaka ifure. Kwa anayekaa karibu na bahari, kijivu hafifu ni rangi nzuri kuliko sifa zake. Doa la kutu huonekana siku za mwanzo, ukalimaliza kwa msasa na tone la rangi. Anayepita njia za kinongo ajue tu kwamba ule wekundu wa udongo utakaa juu ya kijivu kama chai kwenye kanzu.

Hapo kwenye betri, asidi ndiyo iliyokula chuma. Pamwagie maji ya magadi mpaka povu liache kutoka, kisha suuza sana. Bonyeza kwa ncha ya bisibisi: ikizama, rangi haina kazi hapo, mpelekee fundi wa kulehemu kwanza.

Nina kompresa. Kwa fremu, uma wa nyuma na stendi mbili ninunue rangi kiasi gani, na nianzie wapi? (Fundi anayejifunza, Mwanakwerekwe)

Nusu lita ya prima ya epoksi na nusu lita ya rangi ya harda (inayochanganywa na dawa ya kuigandisha), hesabu ikiwa vimeshachanganywa, vinatosha. Kwa makopo ya kupuliza ya mililita 400, chukua mawili ya prima na matatu ya rangi. Lakini rangi nyingi za makopo hayo hulainika zikimwagikiwa petroli, na fremu iliyo chini ya tangi haikosi petroli.

Anzia kwenye ndoo ya maji, si kwenye msasa. Osha kwa sabuni, kisha kwa maji matupu mara mbili. Chumvi isiyooshwa hubaki ndani ya vishimo vya kutu, na hiyo ndiyo inayotoa vipele chini ya rangi mpya baada ya miezi michache. Ikikauka, brashi ya waya, msasa namba 80 penye kutu, kisha 180. Pangusa kwa kitambaa chenye tina (maji ya kuzimulia rangi), na baada ya hapo usiishike kwa mkono mtupu. Piga prima siku hiyo hiyo. Chuma kilichosuguliwa kikilala usiku mmoja kwa hewa yetu, asubuhi kina rangi ya chungwa.

Kabla ya prima, ziba vikombe vya beringi za usukani na nyuso zinapokaa miguu ya injini, maana rangi iliyobanwa hapo husagika na boliti zikalegea. Matundu yenye meno yatie boliti kuukuu. Mahali pa waya wa asi (unaounganisha umeme na fremu) pabaki chuma kitupu; taa zikikataa baada ya kazi nzuri, mara nyingi ni hapo. Nambari ya chesisi kwenye shingo ya fremu usiitie fila ya kuzibia mashimo wala kuisugua kwa mashine. Vitundu vya chini vya kutolea maji viache wazi.

Kipimo cha harda kinaandikwa kwenye kopo: kuna 4 kwa 1, kuna 2 kwa 1. Pima kwa kikombe chenye alama. Kopo la harda lifunge mara moja, unyevu huiharibu. Moshi wake ni hatari kwa mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Tafuta yenye vichujio vya mkaa, na watoto wakae mbali.

Ining'inize fremu juu chini. Piga pembe na maungio kwanza, mabomba yaliyonyooka mwisho. Wanaoanza na mabomba huishia na michirizi. Mkono wa kwanza uwe mwembamba. Gusa tepu ya karatasi uliyozibia: rangi ikivuta uzi kwenye kidole, ngoja, ikinata tu bila uzi, piga wa pili.

Nimepuliza jioni baada ya mvua, rangi imetoka na ukungu kama maziwa. Nimekosea wapi? (Msomaji, Mkoani)

Saa tu. Tina ikiruka haraka hupoza uso wa rangi, na unyevu wa hewa ukatua juu yake. Ngoja siku kavu, sugua kwa msasa 600 wa maji, iache ikauke kabisa, upige tena kati ya saa nne asubuhi na saa tisa. Masika, nunua tina ya kukauka polepole.

Je, Vespa nayo ni hivyo hivyo? (Msomaji, Mji Mkongwe)

Vespa haina fremu ya mabomba, bodi yake ya bati ndiyo fremu. Ng'oa mpira wa miguuni kwanza utazame chini yake, kisha upige epoksi mpaka ndani ya mikunjo ya sakafu. Nje chagua rangi uipendayo.