Analia timu ikifungwa: nimtoe kwenye mpira?

Dada, umeuliza kama umtoe mwanao wa miaka 4 kwenye mazoezi ya Jumamosi kwa sababu analia timu yake ikifungwa. Mimi singemtoa bado. Ningemwomba kocha aache kuhesabu mabao. Umri huo wengi hata hawajui wanashambulia goli lipi, wanaufuata tu mpira kama nyuki. Mabao ni ugonjwa wetu sisi wazazi tunaopiga kelele pembeni. Huko Norwei, watoto hawawekewi jedwali la ligi hadi mwaka wanaofikisha miaka 11.

Kocha akikataa, kusanya watoto watano sita wa ploti mwende Arboretum, ile bustani ya miti Nairobi, na leso (kanga) moja kubwa. Kila mmoja ashike ukingo, weka mpira wa makaratasi katikati, waurushe juu na kuudaka pamoja. Ukianguka, umewaangukia wote, na hapo ni kicheko tu. Wakichoka, wachezeshe nyama nyama: ukitaja mnyama anayeliwa, kama ng'ombe, wanaruka; ukitaja asiyeliwa, kama paka, wanatulia. Anayekosea asitolewe nje, kilio huanzia hapo. Mchezo wa kati nao ungoje, kugongwa na mpira kisha utoke bado ni kugumu kwao. Nusu saa inatosha, halafu uji.