Maswali na majibu: Tazama taya, wacha mng'aro

Safari hii ni spana malaya, yaani ile ya taya la kuhama, na plaizi tu. Wenye maswali ya jenereta na drili wasubiri zamu yao.

Spana malaya ipi ni bora kuliko zote? (Jang'ombe)

Hili naulizwa kila siku, na muulizaji hasemi anataka kufungua nini. Leo nalijibu, nisiulizwe tena.

Kabla hujauliza jina, tazama taya. Uko dukani Darajani, au umechutama mbele ya turubali la mitumba Mwanakwerekwe: shika mpini, fungua spana hadi nusu, kisha ulitikise lile taya linalotembea, juu na chini, kushoto na kulia. Likicheza kama jino la mtoto wa miaka sita, irudishe pale pale. Halafu funga mataya kabisa uinue juani. Mwanga ukipenya kwenye ncha na usipenye kwenye shina, mataya yamepanuka, na spana hiyo itakula pembe za kila nati utakayoigusa. Mwisho zungusha kigurudumu kwa kidole gumba peke yake, mwanzo hadi mwisho. Kikikwama katikati, meno yamepondeka au kuna mchanga ndani. Mchanga unatoka, meno hayarudi.

Muuzaji atakuonesha maneno "Chrome Vanadium", jina la aina ya chuma kigumu, yaliyopigwa kwenye mpini. Maneno hayo hayamgharimu mtu, na nimeyaona kwenye spana zilizopinda kwa nati ya baiskeli. Na kromu inayong'ara kama ya sebuleni hufunika taya lililosagwa vibaya. Hewa yetu ya chumvi ikishaipata pahala pa kuingilia, inabanduka magamba yanayokata kiganja.

Ukinikaba kabisa nitakutajia Bahco kwa spana na Knipex kwa plaizi. Na mtumba mzima wa Gedore au Stahlwille wa Ujerumani, nakuchagulia mimi mbele ya mpya tatu za bei ya kutupa.

Spana malaya naweza kuifungulia nati za tairi la gari? (Fuoni)

Hapana.

Tumerithi mashine ya kusaga, injini ni Lister ya zamani. Kuna nati spana ya 23 haiingii na ya 24 inacheza. Fundi anataka kuzipiga faili zikae 23. (Kengeja, Pemba)

Mzuie fundi huyo leo hii, na faili umnyang'anye.

Nati hizo hazina ubaya wowote. Injini za Lister za zamani zilitengenezwa Dursley, Uingereza, wakati Waingereza wakitumia vipimo vya Whitworth, alivyovipanga Joseph Whitworth mwaka 1841. Nati ya bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina upana wa inchi 0.920, yaani milimita 23.4 hivi. Ndiyo maana 23 inakataa na 24 inateleza. Spana zake zenyewe pia huwachanganya watu, kwa sababu namba iliyopigwa juu ni ya unene wa bolti, si ya upana wa nati. Ukiona 1/2 W, usiende kuipima taya ukitafuta nusu inchi.

Hapa ndipo spana malaya inapostahiki kutoka kwenye sanduku. Chukua ya inchi 10, ivishe juu ya nati, ibane mpaka usisikie mchezo wowote, kisha vuta ukielekea upande wa taya linalotembea, ili uzito wote ubebwe na taya lisilotembea. Nusu ya mafundi wetu wanavuta kinyume, halafu wanalaumu China. Na kila unapoihamishia kwenye nati nyengine, bana tena. Ukichoka kubana tena na tena, tafuta spana za ringi za Whitworth kwenye mitumba ya Uingereza. Zenye jina la King Dick la Birmingham zinaonekana mara moja moja, na wauzaji hawajui ni za nini kwa hivyo huzitoa kwa bei ya chuma chakavu.

Nati iliyokwisha kupigwa faili haina spana duniani. Mwambie hivyo fundi wako.

Nimepata spana ya Bahco imeandikwa Enköping, picha nimekutumia. Ni ya kweli? Ya mwaka gani? (Mkunazini)

Mwaka hasa sikupi kwa picha yenye ukungu, lakini nakupa alama za kuipangia umri.

Enköping ni mji wa Uswidi. Hapo ndipo Johan Petter Johansson alipokuwa na karakana yake. Alianza na spana ya bomba mwaka 1888, na mwaka 1892 akapata hataza ya spana ya taya la kuhama tunayoijua leo. Kuuza aliwaachia B. A. Hjort & Co. wa Stockholm, na herufi za kampuni hiyo ndizo zilizozaa jina Bahco. Mwaka 1991 Bahco ikanunuliwa na Sandvik, ambayo misumeno yake ilikuwa na alama ya samaki na ndoano, na alama hiyo ikahamia kwenye spana. Mwaka 1999 yote yakaenda kwa Snap-on ya Marekani. Kwa hivyo spana yenye samaki na ndoano si ya babu yako hata muuzaji akiapa. Yenye Enköping bila ya samaki ni ya kabla. Zinazouzwa mpya siku hizi nyingi zimeandikwa Spain, na hilo si kosa wala si feki.

Sasa la kwako. Picha ya pili inaonesha herufi zimefifia upande mmoja na mpini una mikwaruzo ya mviringo. Kuna mtu ameipitisha kwenye mashine ya msasa ili ing'are. Kwa kazi haijaharibika, ila kwa mkusanyaji thamani yake imeondoka na vumbi. Nalisema kila mwaka: kitu cha zamani chenye maandishi usikisuguze kwa mashine. Kutu inatoka kwa njia nyengine, kama nitakavyomjibu huyu anayefuata.

Nina plaizi tatu za marehemu baba, zimeganda kwa kutu. Jirani anasema nizitie kwenye makaa mpaka ziwe nyekundu, zitafunguka zenyewe. (Wete)

Zitafunguka, kweli, na hazitakata tena hata waya wa kufungia kuku. Makali ya plaizi nzuri hufika kama 60 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell, na ugumu huo umetiwa kiwandani kwa moto uliopimwa na kupozwa kwa hesabu. Makaa yako ya jikoni yanaufuta kwa dakika chache. Baada ya hapo una kipande cha chuma chenye umbo la plaizi.

Zizamishe kwenye mafuta ya taa siku mbili tatu, msumari wa katikati uwe ndani kabisa. Zichezeshe kidogo kidogo, usizilazimishe kwa nyundo. Zikishalegea, zioshe kwa sabuni mafuta yatoke, kisha zitie kwenye siki ya dukani. Ndimu nazo zinafaa kama mti uko uwani. Uzitazame kila baada ya saa moja, usizisahau mpaka asubuhi, kwa sababu asidi ikimaliza kutu haiondoki, inaanza kula chuma kizima. Zitoe, zisugue kwa brashi ya shaba, zisuuze kwa maji yaliyotiwa magadi kidogo, zikaushe juani mpaka zipate moto mkononi, na hapo hapo zipake mafuta ya cherehani. Ukichelewa nusu saa wakati wa masika utaona rangi ya chungwa imesharudi.

Mafuta ya nazi, kwa kuwa najua swali linakuja: yanachacha na kunata, na vumbi linajenga nyumba juu yake. Ya nazi tieni kwenye nywele.

Plaizi ya mabomba, ninunue Cobra ya Knipex au Channellock? Mimi ni fundi mabomba, kazi nyingi ni hotelini. (Paje)

Zote mbili ni za watu wanaojua kazi. Knipex ni ya Wuppertal, Ujerumani, tangu 1882. Channellock ni ya Meadville, Pennsylvania, Marekani, kampuni iliyoanza 1886, na ile mipini ya buluu huwezi kuipoteza. Channellock unaihamisha kwa kuifungua na kuitelezesha kwenye mifereji yake, na ukiwa chini ya sinki kwa mkono mmoja inachosha. Cobra ina kitufe: unaiweka kwenye bomba, unabonyeza, unabana, basi. Meno yake yamekaa upande wa kujikaza, kwa hivyo haihitaji ngumi kubwa. Ya milimita 250 inashika bomba la inchi 2. Kwa kazi yako, Cobra.

Lakini umeniambia hotelini, na hapo nina neno. Ukilala kwenye hoteli za pwani ukatazama nati za mifereji ya bafuni, utadhani zimeng'atwa na mbwa. Plaizi ya meno haigusi kromu. Ukiwa na akiba, nunua ile plaizi-spana ya Knipex, yenye mataya laini yanayokwenda sambamba. Mkono wako inauzidisha mara 10 na nati inabaki kama ilivyotoka kwenye boksi. Ni ghali. Mfereji wa Kitaliano alioununua mwenye hoteli ni ghali zaidi.

Plaizi yangu ina mpini mwekundu wa plastiki, muuzaji kasema inazuia umeme. (Michenzani)

Tafuta alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V, na namba IEC 60900 (kiwango cha kimataifa cha zana za umeme) kama ipo. Hakuna? Basi plastiki hiyo ni ya kiganja kisiume. Ipo, lakini mpini una ufa au kipande kimetoka? Hesabu kwamba haipo. Na hata ikiwa nzima, zima swichi kubwa kwanza.

Vaisigripu (plaizi za kujifunga) za zamani ni bora, au ni maneno ya wazee? Nimeona moja, pini zake mbili zimelegea. (Chake Chake)

Si maneno. William Petersen, mhunzi kutoka Denmark aliyehamia DeWitt, Nebraska, alizitengeneza miaka ya 1920, na kiwanda cha DeWitt kilifungwa 2008, kazi ikapelekwa China. Ukiona Petersen na DeWitt zimepigwa kwenye mpini, ni ya kabla ya hapo. Za zamani chuma chake ni kizito na hazifunguki zenyewe katikati ya kazi. Ila kagua: springi isiwe imenyooka, parafujo ya nyuma izunguke bila ya plaizi nyengine, na mapini ya maungio yasicheze. Uliyonieleza, yenye pini mbili zilizolegea, usiitolee zaidi ya elfu tano.